Kuandaa hesabu za kodi ukiwa nyumbani Jinja au Mbale: programu ipi ulipie, na ipi usilipie

Una laptopu, unajua hesabu, na majirani wenye maduka wanakuomba uwasaidie mambo ya kodi. Unafikiria kuifanya iwe kazi, ukiwa hapo hapo nyumbani, Walukuba au Masese mjini Jinja, Namakwekwe au Nkoma mjini Mbale. Swali la kwanza ambalo wengi huuliza ni hili: "Ninunue programu gani?" Makala haya yanaeleza kwa nini hilo liwe swali la mwisho, na jinsi ya kuzuia gharama za programu zisimeze pesa kabla biashara haijasimama. Ni kwa wakimbizi na kwa wenyeji pia, kwa sababu sheria ya kodi ni moja kwa wote.

Kuwasilisha ritani ni bure

Ukitafuta mtandaoni utakuta video nyingi zinazosema huwezi kuanza kazi hii bila programu maalumu ya kodi. Nyingi zinatoka Marekani, ambako waandaaji hununua programu kila msimu. Programu kama TurboTax hutengeneza ritani za huko. Haijui kodi ya Uganda na haiwezi kutuma chochote kwa Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA).

Hapa Uganda, ritani hujazwa na kutumwa kupitia tovuti ya URA, ura.go.ug. Huduma hiyo hailipiwi. Namba ya mlipakodi (TIN) nayo hutolewa bure. Ukimsaidia mtu kuomba TIN unaweza kumtoza muda wako na bando lako, lakini mwambie wazi kwamba namba yenyewe haiuzwi.

Mfumo wa risiti za kielektroniki, EFRIS, ulianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2021. Unawahusu waliosajiliwa kwa VAT na wengine waliotajwa na URA. Nao una njia zisizo na gharama ya programu: mteja anaweza kutoa ankara kupitia tovuti ya URA. Kwa hiyo usimwambie mteja mdogo kwamba lazima anunue mashine au programu kabla hujamwonyesha njia ya bure.

Programu utakayolipia, kama utalipia, ni ya kutunza hesabu za wateja, na kazi hiyo ina njia nyingi za bei nafuu.

Kabla ya programu: makaratasi yako

Shilingi ya kwanza iende kwenye uhalali wa kazi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2014 inataka mtu anayeandaa, kuthibitisha au kuwasilisha ritani kwa niaba ya wengine kama kazi awe wakala wa kodi aliyesajiliwa. Usajili unasimamiwa na Kamati ya Usajili wa Mawakala wa Kodi, ambayo huangalia elimu, uzoefu na mwenendo wa mwombaji. Kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa.

Kama bado hujasajiliwa, unaweza kuanza hivi:

- Tunza vitabu vya hesabu vya wateja: mauzo, manunuzi, mishahara, madeni. Ritani yenyewe iandaliwe na wakala aliyesajiliwa.
- Fanya kazi chini ya wakala aliyesajiliwa mjini, mkagawana malipo kwa maandishi.
- Mfundishe mteja kujaza ritani yake mwenyewe kwenye akaunti yake.

Kwa mkimbizi, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakuruhusu kufanya biashara, na inaruhusu mwenye taaluma inayotambuliwa kuifanyia kazi. Kama ulisomea uhasibu Bukavu, Goma, Juba au Bujumbura, shahada yako inaweza kulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE). Vyeti vilivyo kwa Kifaransa vitahitaji tafsiri, kwa hiyo weka gharama hiyo kwenye bajeti. Uliza pia ofisi ya halmashauri ya jiji kuhusu leseni ya biashara. Kuwa nyumbani hakukuondolei wajibu huo.

Ukiweka pesa yote kwenye programu kisha ukakosa ya usajili na tafsiri, utakuwa na chombo kizuri ambacho huwezi kukitumia kihalali.

Unachouza ni kumbukumbu

Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 10 na chini ya milioni 150 kwa mwaka hulipa kodi ya makadirio. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2020, mwenye kumbukumbu za hesabu hulipa kidogo kuliko asiye nazo. Tazama mifano mitatu:

- Mauzo ya milioni 20 kwa mwaka: asiye na kumbukumbu hulipa shilingi 80,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 0.4 ya kiasi kinachozidi milioni 10, yaani shilingi 40,000.
- Mauzo ya milioni 40: asiye na kumbukumbu hulipa 200,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 80,000 pamoja na asilimia 0.5 ya kinachozidi milioni 30, jumla shilingi 130,000.
- Mauzo ya milioni 60: asiye na kumbukumbu hulipa 400,000. Mwenye kumbukumbu hulipa 180,000 pamoja na asilimia 0.6 ya kinachozidi milioni 50, jumla shilingi 240,000.

Hesabu hizi zinakusaidia kwa njia mbili. Kwanza, unaweza kumwonyesha mteja faida ya kukulipa. Pili, zinakuonyesha mpaka wa bei yako. Mteja wa milioni 20 anaokoa shilingi 40,000 tu kwa mwaka kwenye kodi. Hawezi kubeba programu ya mamia ya maelfu, na wewe usiinunue kwa ajili yake. Huyo anahitaji daftari zuri na mtu wa kulipitia kila mwezi.

Kuna jambo jingine ambalo wafanyabiashara wengi wanaozungumza Kiswahili hawalijui. Sheria inataka kumbukumbu za kodi ziwe kwa Kiingereza. Zikiwa kwa lugha nyingine, Kamishna anaweza kudai zitafsiriwe kwa gharama ya mlipakodi. Mama mwenye duka la vitenge anayeandika "deni la mama Fulani" kwenye daftari anaweza kuendelea kuandika hivyo, lakini lazima mtu aziweke hesabu hizo katika mfumo unaokubalika. Kazi hiyo unaiweza kwa sababu unajua lugha zote mbili, na haihitaji programu ya kulipia.

Programu za kuanzia bila malipo

- LibreOffice Calc. Jedwali la hesabu lisilolipiwa, linafanya kazi bila intaneti. Linatosha kwa wateja wengi wa kwanza.
- Google Sheets. Bure ukiwa na akaunti ya Google, na hifadhi ya GB 15 unayogawana na barua pepe zako. Inafaa mteja anapotaka kuona hesabu kwenye simu yake, ila inakula bando.
- GnuCash. Programu kamili ya uhasibu isiyolipiwa. Inahitaji kujifunza, lakini ukishaizoea inatoa taarifa ya faida na hasara na mizania.
- Manager. Toleo la kuweka kwenye kompyuta yako ni bure. Toleo la mtandaoni ndilo hulipiwa.

Angalia mambo mawili kabla ya kuchagua. Mosi, zipo fomu za URA zilizotolewa kama faili za Excel zenye amri ndani yake, na LibreOffice huenda isizifungue vizuri. Jaribu fomu unazozihitaji mapema, si wiki ya mwisho. Pili, huduma ya Wave, inayosifiwa kwenye video nyingi kuwa ya bure, iliacha kupokea wateja wapya walio nje ya Marekani na Kanada. Usipoteze siku kuitafuta.

Bei iliyoandikwa si bei utakayolipa

Programu za kulipia za mtandaoni, kama QuickBooks Online na nyinginezo, kwa kawaida hutozwa kila mwezi. Bei ikiwa kwa dola, fanya hesabu yote kabla ya kuweka kadi.

Tuseme programu ni dola 20 kwa mwezi, na dola moja ni shilingi 3,700. Hiyo ni shilingi 74,000. Huduma za kidijitali kutoka nje hutozwa VAT ya asilimia 18, kwa hiyo ikiongezwa juu ya bei ni shilingi 13,320 zaidi. Jumla ni 87,320 kwa mwezi, au 1,047,840 kwa mwaka. Bado hujaweka makato ya benki wala kupanda kwa dola.

Tuseme unamtoza kila mteja shilingi 30,000 kwa mwezi. Wateja watatu wa kwanza wanafanya kazi ya kulipia programu tu. Kama una wateja wanne, mmoja peke yake ndiye anayelisha nyumba yako.

Ongeza na haya:

- Intaneti. Kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku iliondolewa Julai 2021, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye data. Programu ya mtandaoni hutumia bando kila unapoifungua. Inayokaa kwenye kompyuta haitumii.
- Kutoa pesa kwenye simu. Wateja wengi watakulipa kwa simu. Ukitoa pesa hiyo kuna kodi ya asilimia 0.5, juu ya ada ya kampuni ya simu.
- Bei ya utangulizi. Programu nyingi hupunguza bei miezi ya kwanza kisha hurudisha bei kamili. Weka kwenye bajeti bei kamili.
- Kujikata yenyewe. Usajili hujirudia bila kukuuliza. Andika tarehe ya kukatwa ukutani, na ughairi siku tano kabla kama hutaendelea.
- Idadi ya kampuni. Mara nyingi ada moja ni ya biashara moja tu. Uliza kama unaweza kutunza wateja kumi kwa ada moja. Kama huwezi, mteja anayeitaka alipe usajili wake mwenyewe, kwa jina lake.

Ulipie lini?

Kanuni rahisi ya kujiwekea: programu isizidi sehemu moja ya kumi ya pesa inayoingia kwa mwezi, na ilipwe na wateja, si na akiba ya nyumbani wala mkopo wa kikundi. Kwa mfano wa juu, shilingi 87,320 zinahitaji mapato ya karibu shilingi 875,000 kwa mwezi, yaani wateja 30. Chini ya hapo, njia za bure zinatosha.

Panga pia kwa misimu. Mwaka wa fedha wa Uganda huisha 30 Juni, na ritani ya mapato ya mwaka hutakiwa ndani ya miezi sita, yaani kufikia 31 Desemba. Kodi ya mishahara (PAYE) na VAT hutakiwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mbale, wateja wanaofanya biashara ya kahawa ya Mlima Elgon huwa na pesa baada ya mavuno, na kabla ya hapo huwa mikono mitupu. Jinja, mwenye duka la jumla huwa na mauzo ya kila siku, lakini mvuvi na muuza samaki wa Masese hutegemea ziwa. Usijifunge na malipo ya mwaka mzima kabla hujajua wateja wako hulipa miezi gani.

Ukiona umefika wakati wa kulipia, anza kwa mwezi mmoja. Ukiridhika miezi mitatu, ndipo uangalie punguzo la mwaka.

Programu ya kuibwa ni ghali

Mjini kuna watu watakaokuwekea programu ya uhasibu "iliyofunguliwa" kwa shilingi elfu chache. Ikataeni. Programu kama hizo ni njia ya kawaida ya kuingiza virusi vinavyoiba maneno ya siri au kufunga mafaili, na wewe umebeba hesabu za watu. Pia haipati marekebisho, na ni kuvunja sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006.

Fikiria hasara yenyewe. Laptopu ikifungwa na virusi tarehe 29 Desemba, ritani za wateja hazitafika. Adhabu ya kuchelewesha ritani ni asilimia 2 ya kodi au shilingi 200,000 kwa mwezi, kiasi kilicho kikubwa zaidi. Mteja aliyepaswa kulipa kodi ya shilingi 40,000 anaweza kudaiwa mara tano ya hiyo, na atakuja mlangoni kwako.

Kama laptopu yako ni ya zamani yenye Windows 10, jua kwamba Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya marekebisho ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Badala ya kununua mashine mpya, fikiria Linux Mint au Ubuntu. Zote ni bure, na LibreOffice na GnuCash hufanya kazi humo.

Kumbukumbu lazima zidumu miaka mitano

Sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa miaka mitano. Kwa hiyo kabla ya kulipia programu ya mtandaoni, uliza: nikiacha kulipa, hesabu za mteja zinakwenda wapi? Kama programu haikuruhusu kuzitoa kama PDF au jedwali, iache.

Jiwekee mazoea haya, hayagharimu karibu chochote:

1. Kila Ijumaa, nakili mafaili yote kwenye flashi mbili. Moja ikae nyumbani, nyingine nyumba ya mtu unayemwamini.
2. Kila mwisho wa mwezi, mpe mteja nakala yake ya karatasi au PDF, aitie sahihi.
3. Chaji laptopu asubuhi. Umeme ukikatika saa moja jioni ya tarehe 15, betri iwe imejaa.
4. Funga flashi kwa neno la siri.

Siri za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019 inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, hata akiwa mmoja sebuleni. Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ndiyo husajili wanaokusanya taarifa hizo. Kwa mteja mkimbizi, namba ya kitambulisho, majina ya familia na mahali anapoishi si taarifa za kawaida. Kuna watu walioacha nchi zao kwa sababu walikuwa wanatafutwa.

Kwa hiyo usichukue neno la siri la mteja la URA. Mfumo wa URA unamruhusu mlipakodi kumteua wakala wake aliyesajiliwa kupitia akaunti yake, na kumwondoa akitaka. Usitume picha za vitambulisho kwenye makundi ya WhatsApp. Usifungue hesabu za wateja kwenye kompyuta ya kahawa ya intaneti.

Na kodi yako wewe?

Wengi wanadhani kwa kuwa ni wadogo watalipa kodi ya makadirio. Sivyo. Huduma za uhasibu na taaluma nyingine zimetolewa kwenye mpango huo. Utawasilisha ritani ya kawaida ya mapato. Mkaazi asiyezidisha kipato cha kutozwa kodi cha shilingi 2,820,000 kwa mwaka hutozwa sifuri.

Habari njema ni kwamba programu, bando na ukarabati wa laptopu vilivyotumika kwa kazi ni gharama zinazopunguza kipato cha kutozwa kodi. Tunza risiti zake. Ukinunua kwa muuzaji aliye kwenye EFRIS, dai risiti ya EFRIS, kwa sababu bila hiyo gharama inaweza kukataliwa. Laptopu inayotumiwa pia na watoto kwa masomo, dai sehemu ya kazi tu.

Pa kuanzia wiki hii

URA ina ofisi Jinja na Mbale, na kuuliza hakulipiwi. Nenda na maswali matatu yaliyoandikwa: masharti ya sasa ya kuwa wakala wa kodi, fomu ambazo wateja wako watahitaji, na viwango vya mwaka huu, maana viwango hubadilika na bajeti ya kila Julai. Kisha chukua mteja mmoja, daftari lake moja, na LibreOffice. Zitengeneze hesabu zake za miezi mitatu. Ukimaliza utajua kama kazi hii unaiweza, inakuchukua saa ngapi, na utoze kiasi gani. Hapo ndipo utajua pia kama kuna programu ya kulipia unayoihitaji, na ni ipi.